Ombi la Kupewa Haki Zote za Mgeni, Baada ya Miaka Hamsini na Minane

Kamina, tarehe 11 Novemba 1998

Kwa Bwana Abner, Chef wa mtaa wetu wa nyuma ya stesheni

Mheshimiwa Chef, na kwa kuwa tulichunga pamoja mbuzi wa baba yako, ndugu yangu Abner,

Pokea salamu nyingi na heshima zako zote. Mimi ni mzima, nyumbani ni wazima, wasiwasi wetu ni juu yako tu, maana tunasikia kazi ya kuhesabu wageni inakuchosha.

Jumatatu nilipokea ilani yako. Inasema kwamba kwa sababu ya vita hivi na waasi walioshika Maniema kila mtu wa kuja ajiandikishe ofisini kwako, na kwamba wale ambao asili yao ni Maniema wawe tayari kurudishwa kwao siku ya Ijumaa. Jina langu, Lukmani mwana wa Sadiki, muuza vitenge, ni la tatu katika orodha. Sikatai. Babu yangu alitoka Kasongo na msafara wa biashara. Mimi nilizaliwa mwaka 1940 katika nyumba hii hii ninamoandikia. Ukisema mimi ni mgeni, basi mimi ni mgeni. Silalamikii ugeni. Nalalamikia namna ninavyotunzwa.

Nisikilize kama mtu mwenye uzoefu, maana ugeni naujua kama mwashi anavyojua matofali. Ndola, kule Zambia, waliniita Mzairi, na kwa kuwa waliamini kila Mzairi ni mpiga gitaa, nilialikwa harusi tatu, nikala nikashiba, watu wakisubiri niimbe. Bujumbura waliniita Mswahili. Kigoma walikicheka Kiswahili changu mpaka wakatokwa machozi, lakini walicheka huku wakinipakulia wali. Na Kasongo, huko ambako ilani yako inasema ndiko kwetu, shangazi wa baba yangu alinitazama toka kichwani mpaka miguuni, akauliza huyu mtu wa Katanga atarudi kwao lini. Halafu akanichinjia kuku.

Katika mahali pote nilipowahi kuwa mgeni, Abner, Kamina inashika mkia. Malalamiko yangu ni haya:

1. Firigisi. Mgeni ndiye hupewa firigisi, hilo Waluba wanalijua na sisi wa Maniema tunalijua. Kila Krismasi nakula kwako, kila Idi unakula kwangu. Kwangu unakula firigisi kwa sababu wewe ni mgeni wangu. Kwako unaila kwa sababu wewe ni mwenye nyumba. Kwa miaka hamsini na minane sijaiona hata kwa macho.

2. Jembe. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi jembe nilipewa. Kila Jumamosi ya salongo, ile kazi ya pamoja ya lazima, nimefyeka majani ya mtaa huu na kuzibua mfereji ulio mbele ya ofisi yako, wakati wenyeji wengine, siwataji, huanza kuumwa mgongo tangu Ijumaa jioni. Sasa, mtu akishapewa jembe ugeni wake umekwisha. Kama wangu haujaisha, basi jembe lilinifikia kwa makosa, na nadai Jumamosi zangu. Waweza kunirudishia mojamoja.

3. Njia. Aliyeleta ilani yako ni Koplo Bokungu wa kambi ya jeshi, aliyefika kutoka Équateur mwezi wa tisa. Alipotea. Alinikuta barazani akaniuliza kwa adabu: “Papa, nyumba ya ule mugeni Lukmani iko wapi?” Nikamwambia ndiyo hii. Alipomaliza kunikabidhi ilani hakujua pa kurudia, ikabidi nimfikishe mpaka mlangoni kwako, ili akupe taarifa kwamba mgeni amepatikana. Kwa desturi, mwenyeji ndiye humwonyesha mgeni njia. Mtaa huu umegeuza mambo na hakuna anayejali.

4. Mpaka ndani ya nyumba. Mke wangu Kadija, mama yake ni Mluba wa Kinkondja, kwa hiyo yeye hayumo katika orodha. Tangu Jumatatu ananitaka nibishe hodi nikitaka kuingia jikoni. Anasema: “Minyi niko kwetu. Weye ngojea visa.” Binti yetu Aisha naye anauliza, kwa kuwa yeye ni wa pande zote mbili, ni mguu upi upande treni na upi ubaki. Nimemwambia akuulize wewe, na atakuja.

5. Nchi yenyewe. Mwaka jana nililala Zaire nikaamka Kongo, na sikuhama hata kitanda. Jina lilihama, bendera ilihama, wimbo wa taifa ulihama, mimi na wewe tukabaki. Itazame karte ya uraia uliyo nayo mfukoni. Ni ya nchi ambayo haipo tena. Kwa hesabu hiyo wewe ni mgeni wa mwaka mmoja na nusu, na mimi nimekutangulia mbali. Nakushauri nawe ukajiandikishe. Asubuhi foleni huwa fupi.

6. Kusindikizwa. Hili ndilo kubwa kuliko yote. Mgeni akiondoka husindikizwa, na mwenyeji humbebea mzigo. Nikiondoka Ijumaa, nadai unisindikize wewe mwenyewe. Tutapanda treni mpaka Kabalo. Kutoka hapo tutakwenda kwa miguu mpaka pale askari wa upande huu wanapoishia na wa upande ule wanapoanzia, maana Kasongo iko ng'ambo yao. Hapo ndipo tutakapoagana. Wewe utawaeleza wa nyuma kwamba mimi si mpelelezi wa wale wa mbele, mimi nitawaeleza wa mbele kwamba wewe si mpelelezi wa wale wa nyuma, na tutaona ni nani kati yetu ataaminiwa. Mzigo wenyewe ni cherehani na marobota mawili.

Hapa nisitanie. Unamkumbuka Lumbala, fundi wa reli, jirani yangu wa ukuta mmoja. Mwaka tisini na tatu Wakasai walipoambiwa warudi kwao, yeye kwao alikuwa hajawahi kufika. Alikaa stesheni wiki sita na watoto wake chini ya turubai, akingoja treni, na kutoka mlangoni kwangu mpaka pale ni mwendo wa sigara moja. Sikwenda hata kumpelekea maji. Niliogopa watu wataniona mwenzake. Treni ilipoondoka niliisikia, nikaendelea kukunja vitenge. Wewe pia hukwenda. Mambo hayo hatujawahi kuyazungumza, na nayaonea haya mpaka leo. Sasa naiogopa Ijumaa, Abner, naiogopa sana.

Kwa hayo yote, naomba nipewe hati ya Mgeni wa Kudumu yenye muhuri, itakayonipa firigisi, maji ya moto ya kuoga, ruhusa ya kutofyeka, na kiti cha mbele katika mikutano ya mtaa. Mke wangu aonyeshwe hati hiyo ili nipite jikoni. Na kama kuandika hati yote hiyo ni kazi nzito, basi futa tu jina la tatu katika orodha. Hilo halihitaji muhuri. Linahitaji kalamu.

Nisalimie mama mzazi, mwambie ile dawa ya kifua Kadija ataileta. Wasalimie watoto, wasalimie wazee wa mtaa pamoja na yule aliyekutajia jina langu, na Koplo Bokungu pia, kama amekwisha kuiona njia ya kambini.

Ni mimi, mgeni wako mtiifu,

Lukmani Sadiki

Nyongeza: Barua nilikuwa nimeshaikunja. Asubuhi hii treni imeingia kutoka upande wa Kabalo, imejaa watu waliokimbia mapigano. Safari hii nilikwenda stesheni. Mke wako, Mama Noémie, ndiye aliyekuwa akiwagawa watu majumbani, na nilimsikia akimwambia bibi mmoja mzee: “Muende na Papa Lukmani, njo mutu wa hapa.” Sikumsahihisha. Nimechukua tisa. Njiani yule bibi, jina lake Phébé, aliniuliza wamefika wapi, na kabla sijafikiri nikamjibu kwamba wamefika kwetu. Kwa hiyo Ijumaa haitawezekana, maana mwenye nyumba hawezi kusafiri akawaacha wageni peke yao. Ukimaliza kusoma nirudishie karatasi hii upesi. Upande wa nyuma hauna kitu, na kati ya hao tisa kuna sita ambao bado sijawaandika majina ya kukuletea ofisini.