Boya Lililopoteza Heshima Yake

Ndugu Katibu wa Kamati ya Pamoja ya Ulinzi wa Ziwa,

Pole na kazi. Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi ufukweni na mke wangu, binti yetu na mumewe, mvuvi ambaye wenzake humwita Kambale kwa jinsi anavyoteleza. Naomba ushirikiano wetu na nchi jirani katika kupambana na uvuvi haramu uvunjwe. Nitaeleza polepole.

1. Katikati ya ziwa kuna boya jekundu la mpaka. Zamani mvuvi akifukuzwa na askari wa doria, alipiga kasia hadi nyuma ya boya, akageuka, akawaamkia. Nao waliitikia, wakarudi kwao. Kila mtu alikuwa ametimiza wajibu. Siku hizi mkwe wangu akivuka boya anakuta boti ya jirani inamsubiri, na askari wa huko wanamkaribisha kwa jina la shemeji, eti wenzao wa huku wamepiga simu. Nafafanua kwamba hatujaoa wala kuozesha huko.

2. Kipimo cha matundu ya nyavu sasa ni kimoja pande zote. Awali, wavu uliokatazwa huku uliruhusiwa kule, na mtu makini alichagua upande. Sasa achague nini?

3. Samaki wameanza kukua. Kikaango cha mke wangu ni urithi wa mama yake. Samaki wa leo akilala humo, mkia unabaki nje, mbichi. Mkiendelea kuwalinda, itabidi tupanue jiko.

4. Ziwa likifungwa ili samaki wazaliane, mkwe hushinda nyumbani. Ameshatengeneza mlango ambao haukuwa mbovu. Sasa haufungiki.

Kama kuvunja ushirikiano wote ni vigumu, basi nchi moja tu, yoyote, ijitoe, ili boya lipate tena upande wa nyuma.

Wasalimie wajumbe wote, na wale askari wa ng'ambo. Waambie wamemzoesha mkwe wangu chai ya maziwa mengi huko mahabusu.

Ni mimi, ninayewatakia heri katika kazi nyingine yoyote,
Mwalimu Mstaafu, nyumba ya mwisho ufukweni

Nyongeza: Nikiwa natafuta bahasha, wavuvi wa ng'ambo wameingia kwenye matete mbele ya nyumba yetu, samaki wanapozalia, wakazoa mpaka wachanga kwa nyavu kama za mkwe wangu. Amewafukuza hadi kwenye boya. Wamegeuka, wakamwamkia. Ameitikia, akarudi. Tafadhali leteni boti mbili, ya kwetu na ya kwao, na yote yaliyoandikwa juu ya nyongeza hii msiyasome.