Kiingereza Chenye Akiba ya Mshono

Jumatatu, 3 Juni
Makubwa! Wakwe watarajiwa wa mjukuu wangu wanakuja Jumamosi, na Kiswahili hawajui hata salamu. Mjukuu mwenyewe akaongeza, macho sakafuni, kwamba atakayeongea ni Babu Mdogo, eti anajua Kiingereza. Mdogo wangu! Kinyozi! Wakati binti huyu nimemlea mimi, mpaka sare za shule nimemshonea kwa mkono huu. Nimegoma. Nitaongea mimi, kwa Kiingereza hicho hicho. Naanza kujifunza kesho.

Jumatano, 5 Juni
Nimeduwaa. Kumbe kwa Kiingereza ukianza na jana, lazima umalizie na jana! Mjukuu akanisihi, Babu, chagua wakati mmoja ubaki nao. Thubutu! Mimi fundi cherehani. Kila nguo naiachia akiba ndani ya mshono, mteja akinenepa naifumua. Na sentensi hivyo hivyo: natia jana, leo na kesho, msikilizaji achukue inayomtosha. Mjukuu akashika kichwa. Hajawahi kuona akili kama hii.

Ijumaa, 7 Juni
Kinyozi kaja dukani kunicheka. Eti nikifungua mdomo tu, ndoa imevunjika. Nikamwambia kaka mkubwa hafundishwi kusema na mtu anayeshika vichwa vya watu kutwa nzima. Kaondoka bila kuaga. Nimemweza!

Jumamosi, 8 Juni
Mungu wangu! Nilisimama, koti limenyooka. Mama wa bwana harusi akauliza bibi wa binti yuko wapi. Nikajibu kwa madaha: alikufa zamani, anakufa, kesho atakufa. Mama wa watu akaruka kitini! Mgonjwa yuko chumba gani? Mumewe akatoa simu amwite daktari. Wakavamia chumba changu, wakakuta cherehani na suruali zangu za ndani zinakauka. Mjukuu analia. Kinyozi ndiye aliyewaelewesha, tena huku anacheka, mshenzi yule. Mama akarudi taratibu, akanishika mkono, hakuuachia. Ndoa ipo! Sikuamini.

Jumapili, 9 Juni
Mjukuu kaniomba siku ya harusi nikae nitabasamu tu. Kinyozi atahutubia. Mimi nitabasamu! Yule mama angenishika mkono kama Kiingereza changu kingekuwa kibaya? Na mke wangu alikufa, ndiyo, lakini kila nikiona kigoda chake cha kushonea vifungo, anakufa tena. Nimekosea wapi, basi? Nimepata: akiba ilikuwa ndogo! Nimeongeza juzi na keshokutwa. Kinyozi akishika kipaza sauti, namnyang'anya.