Mvinyo Wenye Ngozi ya Kiatu

Pasikali alikuwa sokoni Kasulu, akitafuna andazi la jana na kuwaza nani wa kumla leo, aliposikia mzee mmoja akilalamika dukani. Mzee huyo, Anania, mnunuzi wa maharage kutoka Kibondo, alikuwa anamwoza binti yake, na wakwe zake wa mjini walitaka mvinyo mwekundu.

"Si huu wa komunyo," alisema. "Ule mzito, uliochanganywa!"

Nje alikuwa ameegesha pikipiki mpya, kiti bado kimevaa nailoni. Pasikali aliitazama kama fisi anavyomtazama mbuzi aliyefungwa kamba.

"Shikamoo mzee wangu. Mungu hamtupi mja wake. Mimi ndiye wakala wa mvinyo huo."

"Marahaba. Wa wapi?"

"Ng'ambo. Zabibu za aina tatu, zimelala pipa moja bila ugomvi. Kreti nzima kwa pikipiki hiyo, na hasara ni yangu."

"Ulete nyumbani. Wazee wakiukubali, pikipiki chukua."

Basi Pasikali akapika. Alichemsha rozela mpaka ikawa nyeusi, akatia pombe ya ndizi, kahawa kali, ukwaju na gongo kidogo. Kisha gongo kidogo tena, kwa heshima ya wakwe. Chupa akaziziba kwa magunzi ya mahindi, juu akadondoshea mshumaa mwekundu. Zikapendeza, usiseme.

Kibondo alikuta wazee wamekaa, kila mmoja na bilauri yake.

"Msigide kama togwa," aliwaonya. "Kwanza mnanusa. Mtasikia zambarau zilizoiva. Katikati unapita moshi wa tumbaku. Mwisho kabisa, ngozi ya kiatu."

"Kiatu cha nani?" aliuliza Niyomwungere, mdogo wake Anania.

"Cha mtu mwenye cheo, baba."

Wazee wakaitikia kwa vichwa. Hapo walielewa.

"Haya, tangulia," alisema Anania.

"Mimi? Mimi nauza tu, mzee."

"Kijana, wewe si Muha? Anayeleta pombe ndiye anayeonja kwanza. Au umetuletea sumu?"

Mila hiyo Pasikali aliijua tangu anaota meno. Ila alikuwa ameisifu ng'ambo mpaka mwenyewe akasahau kwamba kilichomo ni pombe. Akapiga funda.

Anania akazibua chupa ya pili. "Na hii."

"Si nimeshaonja?"

"Kila chupa ni mtungi wake. Sumu haina adabu ya kukaa chupa moja."

Wazee nao hawakutaka kupitwa. Mmoja alisikia mvua ya kwanza. Mwingine akasikia mkoba wa hakimu. Niyomwungere alifumba macho, akasema, "Mimi nasikia beberu. Tena amelowa."

"Beberu ndiyo daraja la juu!" alipayuka Pasikali, ambaye sasa alikuwa ameegemea ukuta.

Ilipofika chupa ya mwisho, aliinusa, machozi yakamtoka. "Mzee, huu umezidi rozela. Nilimwambia yule mama wa Rungwe Mpya aliyenisaidia kupika, punguza moto! Lakini kahawa... hiyo kahawa nimeifuata Manyovu mwenyewe."

Akaeleza yote, kibaba kwa kibaba, kama mzazi anayesifia mtoto. Wazee wakashusha bilauri zao. Pasikali akajua amekwisha, akangoja fimbo.

Anania hakuinua fimbo. Aliuliza kwa upole, "Na ukwaju, unatia kabla haujapoa au baada?"

"Baada, baba. Kabla, unagombana na ndizi."

"Umesikia, mama?" Anania aliita. Mkewe, Immakulata, alikuwa ameshateremsha sufuria kubwa.

Asubuhi Pasikali aliamka jamvini, kichwa kikigonga kama kinu. Uani rozela zilichemka, na Immakulata alikuwa anachonga magunzi, akipiga vigelegele vya chinichini.

"Umeamka, mtaalamu?" alisema Anania. "Wakwe wana mvinyo wao. Na Kakonko kuna harusi nyingine. Twende ukawaeleze habari ya kiatu."

"Na pikipiki yangu?"

"Si hii hapa? Panda."

Pasikali akapanda. Nyuma. Kreti mapajani, barabara ya mashimo, na mzee mbele ameshika usukani, anaimba.

"Mzee, nitaanguka!"

"Shika chupa," alisema Anania. "Usinishike mimi."