Pilipili ya Kumbakiza Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Machi

Mama mkwe amefika na begi dogo. Dogo mno. Begi la mtu wa kuondoka. Na mimi wiki ijayo naanza kazi kwa fundi wa nguo, mashine yangu mwenyewe, ila watoto hawaruhusiwi kwa sababu ya mikasi na pasi. Nani atakaa na Donge, mwanangu mdogo? Mama hajaamua bado akae wapi: kwetu, au kwa wifi yangu. Nitamshinda wifi kwa chakula.

Jikoni mama akaniuliza kama humu tunakula pilipili. Nikamjibu mimi bila pilipili chakula hakishuki. Ukweli ni kwamba hata pilipili manga hunitoa jasho. Akanitazama kidogo, akasema haya mwanangu, basi tia. Nikatia.

Jumanne, 5 Machi

Maharage, pilipili tatu, na mbegu zake. Mume wangu alimeza mara moja akatoka kuangalia kama mlango wa nje umefungwa. Alikaa nao sana huo mlango. Mama kasifia, kala polepole, kisha kafuta macho. Kasema amemkumbuka marehemu baba mkwe. Nikamshika mkono. Tunaelewana.

Na Donge! Kamaliza viazi vyake vyote vya kupondwa. Alilishwa na bibi yake, bakuli linang'aa.

Jumatano, 6 Machi

Mazoezi. Nimejificha jikoni na pilipili mbuzi, nikatafuna kipande. Masikio yaliwaka. Kisha nikajisahau nikajikuna jicho. Mume wangu kanikuta kichwa kiko ndani ya ndoo, kauliza kulikoni. Nikamwambia natafuta kijiko. Kasema mke wangu, si umwambie tu mama ukweli. Wanaume hawajui mipango.

Nilinawa kwa sabuni, nikanusa vidole, nikanawa tena, ndipo nikambeba Donge. Kamaliza viazi tena, na boga juu. Nimemwongezea. Ajabu, haongezeki uzito. Nadhani anarefuka.

Ijumaa, 8 Machi

Wifi kaja na achari yake ya pilipili. Kaonja mchuzi wangu, kaniuliza, "Wifi, huu umepikia watu au wagonjwa wa wodini?" Nikachota kijiko kizima cha achari yake, nikameza. Yeye akameza viwili. Machozi yakatutiririka, tunatabasamu kama tunapigwa picha. Mume wangu kaenda mlangoni. Mama kainuka, kachukua Donge na bakuli lake, kasema anakwenda kumlisha chumbani.

Mimi nikavumilia, nikavumilia, mwisho nikakimbilia huko huko angalau nilie kwa raha. Nikamkuta mama nyuma ya pazia, bakuli mapajani, anakula viazi vya mtoto kwa kijiko cha plastiki. Donge kalala fofofo.

Mama kajitetea kwamba mtoto hushiba kwanza, yeye humalizia tu. Tumbo lake siku hizi halitaki ukali kabisa. Siku ile jikoni aliuliza akiomba kimoyomoyo niseme hatuli. Akaona nilivyochangamka, akaona huruma kunikatalia.

Nikamwambia na mimi siwezi. Akaniangalia macho yangu mekundu. Tukaanza kucheka, tukashindwa kuacha, tukaziba midomo kwa mto wa Donge. Wifi akagonga kuuliza tunacheka nini. Mama akamjibu mtoto kajamba.

Halafu nikauliza, kwa sauti ndogo, atakwenda kwa wifi? Akasema aende wapi, kule kila kitu kinawaka na hakuna mtoto wa kumsaidia kula.

Jumamosi, 9 Machi

Anabaki. Anabaki, anabaki! Jumatatu nakaa kwenye mashine.

Leo viazi kwa nyumba nzima. Mume wangu kala sahani mbili bila kuinuka. Mama na mimi tumeapa: kuanzia sasa ukweli mtupu, hakuna kuoneana haya.

Jioni akaniuliza kama na mimi huwa naoga maji ya baridi alfajiri, kama yeye. Nilitaka kusema hapana. Lakini alivyouliza kwa upendo! Nikamwambia mama, maji ya moto hunitoa vipele tangu utotoni.

Ameshanitekea ndoo. Iko uani inapigwa na upepo. Nimeenda kuigusa kwa kidole kimoja, nimerudi kuvaa soksi.