Kufuli Puani mwa Ndege

Jumatatu, 4 Machi

Shangazi amekuja. Amekalia kiti cha Baba bila hata kusita. Amemwambia Mama, wifi yangu, ile ndege inakula vumbi tu juu ya kabati, na wewe kila ukiiona unalia, sasa ya nini? Jumapili ataichukua ampe mwanawe.

Mwanawe ni binamu yangu. Tunamwita Rubani. Huvaa miwani ya jua hata ndani ya nyumba. Leo amejikwaa kwenye stuli, akaiomba radhi.

Nilitaka kukataa. Na nilikataa kweli, ila ndani ya kikombe cha chai. Hakuna aliyesikia. Mama akajibu kwa uchovu kwamba ndege ni ya kurushwa, basi atakayeweza kuirusha aichukue.

Atakayeweza kuirusha! Hakusema Rubani.

Ndege hiyo Baba aliiunda mwenyewe kwa ubao mwepesi kama biskuti. Ina mota ya betri, na unaiongoza kwa rimoti ukiwa umesimama chini. Kila Jumapili tulikuwa tukienda nayo kwenye uwanja ulio nyuma ya kiwanda cha matofali. Kazi yangu ilikuwa kushika mkia mpaka Baba aseme achia. Rimoti sikuigusa. Pale uwanjani kuna watu, na watu wana macho. Tangu tumzike Baba, ndege haijapanda hewani.

Mpango: nijifunze kimyakimya kabla ya Jumapili. Mwalimu? Wa nini? Nimemaliza shule.

Jumanne, 5 Machi

Ugunduzi mkubwa. Ndege ikienda mbele yako, kushoto ni kushoto. Ikigeuka kurudi kwako, kushoto kwake ni kulia kwako. Wengi huangusha ndege hapo, Baba alikuwa akisema.

Nimefanya mazoezi uani. Mkono mmoja bawa, mkono mwingine mwiko, ndio rimoti. Kwenda, vizuri sana. Kurudi, nimeingia kwenye kamba ya nguo na kuanguka na shuka zote. Mama akachungulia, akauliza nafanya nini. Nikasema naanua nguo. Zilikuwa bado zinachuruzika maji.

Jumatano, 6 Machi

Nimeisafisha ndege kwa mswaki. Nimekaza skrubu zote. Kisha nikafungua kifuniko cha pua. Ndani kuna kitu kimezongwa utepe mweusi. Nikaubandua.

Kufuli! Kufuli langu dogo la sanduku la bweni, lililopotea nikiwa kidato cha pili! Bado lina tone la rangi ya kucha nililolitia mimi ili wasinibadilishie. Baba alinigombeza kwa kulipoteza. Alinigombeza mchana kutwa, na kumbe analo yeye! Ameliweka puani mwa ndege yake. Muda wote ule nilidhani naachwa chini na mkia, kumbe alikuwa akiruka nami.

Nimelia mpaka kwikwi. Kisha nimelichukua. Ni langu. Liko mfukoni, nalishika kila baada ya sentensi. Na ndege sasa imepungua uzito. Kitu chepesi si ndicho kinachoruka?

Halafu nikafanya kama Baba. Kabla ya kurusha, aliinua ndege kwa ncha za vidole viwili, kimoja chini ya kila bawa, akafumba jicho moja, akaitazama, akatabasamu. Mapenzi tu yale. Nami nimeinua. Mkia ukashuka wote, taratibu, kama inaniamkia. Imenitambua! Nikatabasamu.

Alhamisi, 7 Machi

Betri nimeichaji ndani ya chungu cha udongo, mbali na kitanda, nikakaa kando yake kama muuguzi. Betri za namna hii zikikasirika huwaka moto, nawe hupaswi kuziacha hata kwenda kunywa maji. Sikwenda. Nimekuwa mwangalifu kupindukia. Pazia la sebuleni limenusurika moto.

Halikunusurika pangaboi la ndege. Ukitaka kujaribu mota ndani ya nyumba, unatakiwa kwanza ulifungue pangaboi uliweke pembeni. Hilo nililikumbuka wakati nusu ya pazia ikiwa imeshamezwa.

Mama akaja mbio. Nikainamisha kichwa, tayari kwa lolote. Hakupiga kelele. Akaniuliza kama sijawahi kushangaa kwa nini pazia la upande wa pili ni fupi. Akasema lile lililiwa na Baba, vivyo hivyo, na yeye pia alisema anajaribu tu. Akachukua mkasi, akalipunguza la kwangu. Sasa yanalingana.

Kisha akakaa na kile kipande mapajani. Chakula kikaungua jikoni. Tulikila hivyo hivyo, kila mmoja akimsifu mwenzake kwa kula.

Ijumaa, 8 Machi

Siwezi kuandika vizuri.

Nimekwenda uwanjani alfajiri ili nisionwe. Nilifuata kila kitu. Rimoti nikaiwasha kwanza, ndege baadaye. Nikasogeza vijiti, mkia ukaitikia. Nikatazama upepo unatoka wapi. Nikasimama nyuma ya pangaboi, si mbele. Hakukuwa na wa kushika mkia. Nikajiambia mwenyewe achia.

Ikapaa! Jamani, ilipaa! Nikasema, Baba! Kwa sauti, mimi!

Kisha ikainua pua. Ikazidi kuinua. Nasukuma kijiti, haisikii. Ikasimama wima kama inayotaka kuuliza swali, ikakosa pumzi, ikaangukia bawa la kushoto. Sauti yake ilikuwa ndogo sana.

Nyuma ya ukuta akatoka mtu. Rubani! Kumbe huja hapa kila asubuhi tangu msiba, anakaa tu. Nikasubiri anicheke. Hakucheka. Akavua miwani, na macho yake yalikuwa mekundu kuliko yangu. Akasema, pole, Kimya. Hilo ndilo jina aliloniita tangu utotoni, na leo sikulichukia.

Akalichomeka bawa lililovunjika mahali pake, akainua ndege kwa vidole viwili. Mkia ukashuka. Akauliza uzito wa puani uko wapi. Anko alikuwa akipima kwa vidole, alisema. Ndege ikilala sawa, ruksa. Mkia ukishuka, usithubutu, itainua pua na kuanguka.

Nikauliza, uzito gani? Mkono wangu ulikuwa mfukoni, umelikamata kufuli mpaka likapata joto.

Jumamosi, 9 Machi

Rubani amekuja na gundi. Tumeunga bawa, tukalifunga kwa mipira, tukasubiri likauke. Amenisomesha kama mwalimu mkuu. Kagua kila kiungo kabla ya kuruka. Usirushe juu ya watu. Ukihisi shaka, tua. Nimeitikia kila neno.

Nimekiri kuhusu kufuli. Hakuuliza kwa nini nililitoa. Amesema nilirudishe palepale, na nisiongeze kitu kingine chochote, hata stika. Amesema pia kwamba haitaki ndege nyumbani kwao, ni mama yake tu. Lakini Shangazi amesikia habari za pazia na za bawa. Ameapa kuja kesho uwanjani kujionea: ikiruka na kutua salama, inabaki kwetu; ikianguka tena, anaondoka nayo papo hapo, hata vipande.

Mama naye amesema atakuja. Mama! Hajapita njia ile tangu msiba. Huzunguka mbali kwenda kazini ili asiuone uwanja ule.

Jumapili, 10 Machi

Nimelirudisha kufuli puani. Nimelizonga utepe mpya. Nilipomaliza, mfuko wangu ulikuwa mwepesi vibaya sana, nikazunguka chumba nisijue mkono niuweke wapi.

Vidole viwili: ikalala sawa kabisa. Safi! Rubani angejivuna.

Kisha Mama akaingia. Amenipa saa ya mkono ya Baba, ile nzito ya chuma. Akasema niivae, ili awe nami. Lakini inanipwaya, inateleza mpaka kiwiko, itanisumbua kwenye rimoti.

Nimefikiri sana. Rubani alikataza stika. Saa si stika. Nimeifunga ndani ya tumbo la ndege, nyuma kabisa, karibu na mkia. Pale pale nilipokuwa nikishika mimi. Sasa mimi niko puani na Baba ameshika mkia. Imekaa vizuri mno. Nimelia kidogo, lakini kilio kizuri.

Nimeinua tena kwa vidole viwili. Mkia umeshuka. Kidogo tu. Nadhani ni upepo wa dirishani.

Dirisha limefungwa. Basi ni vidole vyangu, vinatetemeka.

Mama ananiita. Ameshavaa viatu.