Jinsi Spana Alivyoiteka Anwani Mpya Sebuleni

Sogeeni, enyi mliokaa mbali, nanyi mnaopita njia simameni kidogo, na mwenye chungu jikoni apunguze moto, kwa maana nawaletea habari za vita vilivyopiganwa sebuleni kwetu, kati ya kabati la vyombo na dirisha lisilofunga vizuri, vita ambavyo havikumwaga damu ila chai. Ewe kumbukumbu, nishike mkono. Nawe ulimi, usiteleze.

Shujaa wa vita hivyo ni baba yangu mdogo, aitwaye Spana, fundi bomba, mzibuaji wa masinki, mtuliza mifereji, ambaye maji yakisikia kishindo cha mkoba wake hunyamaza ukutani. Na chanzo cha vita kilikuwa sweta.

Bibi, mama mzazi wa Spana, alimfumia mdogo wake sweta na kumpelekea huko mbali anakokaa. Dada hawa wawili huonana kila Jumapili jioni kwa kompyuta yetu, na Jumapili ile mdogo mtu, ambaye sisi twamwita Bibi Mdogo, alinyoosha mikono yote miwili mbele ya kamera na kuuliza kama sweta ile kafumiwa yeye, au kafumiwa mtu mwenye mkono mmoja mrefu. Bibi akafungua kinywa ajibu. Papo hapo umeme wa kule ukakatika, na jibu likabaki kinywani. Kesho yake Bibi Mdogo akahamia nyumba mpya ya mwanawe, na tangu hapo kompyuta ikimwita haimpati.

Spana akampigia simu dada wa huduma kwa wateja wa kampuni ya mtandao, naye akamfafanulia. Kila kompyuta yahitaji anwani yake, kama nyumba. Anwani za zamani, za toleo la nne, zimekwisha duniani kama mkate wa asubuhi; nyumba ile mpya yatumia za toleo la sita peke yake, ndefu na tele, na kompyuta yetu haijawahi kufunguliwa toleo hilo. Kwa hiyo zile mbili zinapoitana moja kwa moja, hazionani. Spana akakata simu akatutangazia kwa ufupi kwamba bomba la kule ni jipya, letu la zamani, na hayaungani.

Tulimshauri Bibi atumie simu yetu ya vitufe. Akasema neno kama lile hujibiwa usoni. Akaziweka sindano zake kikapuni, akaacha kufuma, na mezani akawa anaonja tu. Hilo ndilo lililotuogopesha.

Basi Spana akasimama katikati ya sebule, mkononi ameshika chombo kilichompa jina.

“Mama,” akasema, “mimi uliyenizaa, niliyeyarudisha maji hospitalini siku wauguzi walipokata tamaa, sitakubali jibu likukwame kooni. Kabla jua la Jumapili halijazama utamwona mdogo wako uso kwa uso, nawe utamwambia likupendezalo.”

“Haya,” Bibi akajibu. “Ila vua viatu, umekanyaga zulia.”

Akavua, akaingia vitani. Wakati huo mkewe, Mama Mdogo, ambaye ni msusi, alikuwa amemkalisha mteja mbele ya kompyuta, akiutazama mtindo kwenye video na kuusuka kichwani mstari kwa mstari. Spana akaomba nafasi kidogo, akafungua mipangilio, akaikuta mistari miwili: toleo la nne lina alama ya vema, toleo la sita halina. Sasa fahamuni kwamba fundi bomba hagusi bomba jipya kabla hajafunga koki ya lile la zamani, la sivyo ataoga bila kupenda. Ndivyo alivyofundishwa, ndivyo alivyotenda. Akaiondoa alama ya toleo la nne, na mara video ikaganda, mtandao wa kompyuta ukatoweka, na yule mteja akabaki nusu ya kichwa amesukwa, nusu nyingine imesimama wima kama jeshi lililoasi.

“Baba watoto,” Mama Mdogo akasema bila kupandisha sauti, “huyu dada anasafiri leo. Umfungulie mtandao, au chana ndio hii, umsuke wewe.”

Mteja akasema yeye hana ubaguzi, alimradi mmoja wao aanze.

Shujaa akarudi nyuma, na si aibu, majemadari wote hurudi nyuma. Aliirudisha alama, akampigia tena yule dada wa simu, akaelezwa kwamba matoleo hayo mawili hukaa pamoja bila kugombana, hakuna koki ya kufunga. Afungue la sita kwenye kompyuta, alifungue na kwenye ruta, kile kisanduku chenye vitaa kinachotuletea mtandao, kisha aizime ruta na kuiwasha, aiache kama nusu saa bila kuguswa, mpaka kitaa cha mwisho kigeuke kijani. Hapo anwani itakuwa imeshuka.

Akafanya yote hayo kwa heshima, akaenda kunywa chai. Aliporudi na kikombe mkononi, ruta ilikuwa nyeusi ti, haina hata kitaa kimoja, na chai ikamwagika. Akaiwasha upya, akatoka, akarudi, akaikuta imekufa tena. Siku iliyofuata hivyo hivyo. Akazungushia waya utepe mweupe wa kuzuia mvujo. Akaishuku kampuni, akanishuku mimi, akamshuku paka, na paka akahojiwa kwa muda mrefu.

Jumapili ikafika, naye bado hana anwani. Ndipo akaikumbuka kazi yake. Maji yakipotea ndani ya nyumba na mvujo hauonekani, yeye hufunga mabomba yote, huzima redio, hukaa kimya na kusikiliza. Akatutoa sote sebuleni, akaiwasha ruta, akajibanza nyuma ya pazia, vidole vya miguu vimetokeza chini. Sisi tukachungulia kutoka ukumbini.

Zikaja ndara, polepole. Alikuwa Bibi, ambaye tangu tumjue hajatoka katika chumba chochote bila kuzima kila swichi anayoikuta, kwa kuwa haoni sababu ya kitu kuwaka na hakuna mtu. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akainua ncha ya mkongojo mpaka kwenye soketi. Ta. Vitaa vikafa. Akaenda zake, uso umetulia kama wa mtu aliyeiokoa nyumba.

Jamani, shujaa afanye nini, adui akiwa ndiye aliyemzaa? Spana alitoka nyuma ya pazia jasho likimtiririka, akamfuata mamaye barazani, sisi nyuma yake, akapiga goti.

“Mama, humu ndani yumo mtu anayeizima ruta.”

“Nani?” Bibi akauliza, akitukazia macho mmoja mmoja, na kwa Mama Mdogo akakawia.

“Sura sikuiona. Nahitaji mlinzi wa kuaminika. Naomba ukae wewe kando ya soketi, na yeyote atakayepeleka mkono, mchape.”

Bibi akaushika mkongojo, akarudi ndani, akakaa kando ya soketi, na Spana akaiwasha ruta upya. Kama alijua au hakujua, mimi siwezi kuapa. Lakini Mama Mdogo asema aliuona mdomo wake ukicheza pembeni. Hakuna aliyethubutu kusogea. Kitaa cha kwanza kikawaka, kikafuata cha pili, na jua likiwa limebakiza ukingo, cha mwisho kikageuka kijani. Spana akampigia Bibi Mdogo kwa kompyuta. Ikaita.

Akatokea Bibi Mdogo, amevaa sweta, mkono mmoja kaukunja.

Bibi hakusalimu. “Ulipozaliwa,” akasema, “sikio lako moja lilikuwa kubwa kuliko lenzake. Je, tulikurudisha?”

Bibi Mdogo akacheka mpaka picha ikatikisika, akajifuta machozi kwa ule mkono mrefu.

“Dada, nilidhani umeninunia.”

“Nimekununia,” Bibi akasema, akinyoosha mkono kikapuni kutafuta sindano. “Inua huo mkono niupime.”

Walipoagana, Bibi akainuka, na mkongojo wake ukaelekea ukutani. Spana akasimama, Mama Mdogo akasimama, hata paka akasimama. Ncha ikaipita soketi taratibu, ikapanda, ikazima taa ya sebule, naye akaenda kulala.

Basi waambieni wasiokuwepo: jioni ile toleo la sita liliingia nyumbani kwetu, nasi tulilipokea tumesimama gizani, vitaa vya kijani vikituangazia, wala hapakuwa na shujaa aliyethubutu kuiwasha taa.