Rejista ya Kumi na Mbili

Jumanne, 4 Agosti

Programu ya kupanga viti vya treni imekwama asubuhi. Mashine kubwa imetema kurasa mia mbili za tarakimu, kisha kimya. Treni ya Jumamosi ina abiria mia tisa na hakuna hata mmoja mwenye kiti. Bosi akauliza nani anaijua asembla, lugha ya mashine iliyoandikiwa programu hiyo. Nikanyoosha mkono kabla ya Profesa, jirani yangu wa meza. (Hajafundisha popote. Ni miwani tu.) Nimeahidi kumaliza kabla ya chai. Asembla niliisoma wiki sita na naikumbuka vizuri, hasa jalada la kitabu.

Jumatano, 5 Agosti

Chai imepita mara mbili. Kurasa zote nimezihamishia nyumbani, Profesa asije akazichungulia. Nimemshauri bosi kwamba huu ni uzembe wa mtu, na mtu huyo aandike maelezo ya kosa lake ayasome mbele ya kitengo kizima. Bosi kakubali. Nina hakika ni Profesa.

Tatizo ni moja. Programu hii aliiandika mama mkwe wangu, kabla hajastaafu. Mke wangu anasema nimuulize. Mimi, niliyemweleza mara tatu kwamba kazi za zamani zilikuwa rahisi! Nimemtuma mke wangu aulize habari za rejista kana kwamba swali ni lake. Yeye ni mshonaji. Mama akataka kujua tangu lini cherehani zina rejista.

Alhamisi, 6 Agosti

Mama kaja mwenyewe, na rula na penseli. Hakutaka chai wala maelezo yangu. Akasoma kurasa kama watu wasomavyo barua za nyumbani, nami nikishika taa ingawa ilikuwa saa tano mchana.

Akanieleza taratibu. Mashine ina rejista kumi na sita, sehemu za kushikia vitu inapofanya kazi, na chache kati yake huzitumia yenyewe. Ya kumi na mbili inashika anwani ya programu yenyewe. Mtu kaifuta anwani hiyo akaweka idadi ya mabehewa. Akafanya hivyo kwa treni zenye mabehewa zaidi ya kumi na mawili tu, na ya Jumamosi ndiyo ya kwanza kuwa ndefu hivyo. Ni sawa na mtu kufuta namba ya mlango wake, akaandika idadi ya watoto, halafu akashangaa kupotea.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikasema mtu wa namna hiyo hafai kupewa hata kalamu. Mama akaniambia, kwa upole, nisome maandishi pembeni ya mstari ule.

Herufi za jina langu. Mwaka juzi, mwezi wa tatu.

Mke wangu akaenda jikoni. Alikaa huko muda mrefu, na mabega yalikuwa yakitikisika.

Ijumaa, 7 Agosti

Nimehamishia idadi ya mabehewa kwenye rejista ya tano, kama Mama alivyoelekeza. Programu imefanya kazi dakika nne, ikamaliza. Abiria mia tisa, viti mia tisa.

Saa tisa nikasoma maelezo yangu mbele ya kitengo. Kwa haki, nilisoma vizuri, kwa sauti na kwa vituo. Profesa akaomba nirudie aya ya pili. Nikarudia. Bosi anamwandikia Mama barua ya shukrani. Kaniomba niipeleke mimi.

Jumatatu, 10 Agosti

Treni imekwenda na kila mtu alikaa. Bosi ameagiza programu isiguswe tena. Nadhani alikuwa akimwambia Profesa.

Nimeipitia kwa utulivu, maana sasa naielewa. Ingeweza kwenda kasi zaidi. Mama alisema nisithubutu kugusa rejista ya kumi na mbili, na sitaigusa. Ya kumi na tatu hakuitaja kabisa. Nimetazama programu nzima: tangu iandikwe hakuna mtu aliyethubutu kuweka kitu chake humo. Nafasi nzuri kama ile, na watu wameiacha miaka yote hiyo.

Nimeichukua, nikaweka humo hesabu ya viti. Mashine inaanza kazi saa nane. Bosi sijamwambia, nataka ashtuke.